Shangazi, Krismasi Hii Siji Nyumbani

Ikifika Novemba barua zenu hubadilika. Kesi za wakwe na viwanja vya urithi zinawekwa pembeni, zinaanza za sikukuu: nani anakuja, nani haji, nauli imefika ngapi. Safari hii nyingi zimeandikwa na watu wanaoishi nje ya nchi zao, nikaona nizijibu pamoja. Baadhi ni watoto wetu walioko mbali, baadhi ni wageni wetu walioko Arusha. Mimi niliuguza wagonjwa Ujerumani kwa miaka kabla sijarudi Moshi kulea migomba na kugombana na mbuzi wa jirani, kwa hiyo haya mambo yamenipitia mwilini. Mtanisikia nikirudia jambo moja mpaka mchoke: ugenini hakuna atakayekukumbusha sikukuu yako. Ukingoja kualikwa, utakesha. Alika wewe.

Shangazi shikamoo. Mimi ni Mkenya, kwetu Kakamega. Kazi imenileta Arusha, naishi Sakina. Mwaka jana tarehe 12 Desemba nilikuwa ofisini najaza fomu huku ndugu zangu wakinitumia picha za nyama kwenye simu. Hapa hakuna aliyejua ni siku gani. Nikarudi nyumbani nikalala saa mbili. Mwaka huu sitaki iwe vile. Sasa nifanye aje? Na si nitaonekana najitenga nikisherehekea Jamhuri ya Kenya ndani ya Tanzania?
Mkenya wa Sakina

Marahaba, mwanangu. Kujitenga kungekuwa kufunga geti ukala peke yako. Ukiwaita majirani, hakuna Mtanzania atakayeuliza kwa nini unasherehekea. Atauliza saa ngapi.

Anza na kalenda. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka uliofuata, tarehe ile ile, ikawa jamhuri. Nanyi Kenya mkafanya vivyo hivyo: uhuru tarehe 12 Desemba 1963, jamhuri tarehe 12 Desemba 1964. Siku tatu tu ziko kati yetu. Tarehe 9 uko mapumzikoni pamoja na mtaa mzima, basi siku hiyo uwe mgeni. Jirani akiwasha jiko la nyama uani, nenda na soda zako. Jumamosi inayofuata uwe mwenyeji. Usilazimishe sherehe tarehe 12 yenyewe ikiwa imeangukia katikati ya wiki, watu watakuja wamechoka, watakula wakitazama saa. Kama roho haitulii bila tarehe, asubuhi hiyo vaa kitu chenye rangi za bendera yenu, beba maandazi ya kutosha ofisi nzima na uwaambie ni ya nini. Watu wa ofisini ninavyowajua, aliyekula andazi lako mwaka huu, mwakani atakukumbusha yeye.

Sasa soko. Kwa kuku na mboga ningekupeleka Tengeru, gulio lake ni Jumatano na Jumamosi na daladala za Usa River zinakushusha pale pale. Nenda Jumatano, Jumamosi utakuwa jikoni. Mnavu, kunde, mgagani, vyote vipo, vimepangwa chini kwenye mikeka, na mama anayeuza atakuongezea ukimsalimia vizuri kabla ya kuuliza bei. Wakenya mna haraka kidogo hapo, mnisamehe. Kuku usimnunue kwa kumtazama manyoya. Mpapase kidari kwa vidole viwili, uone kama ana nyama au ni mfupa mtupu. Kisha mgeuze umtazame miguu. Kuku aliyechakura maisha yake yote ana magamba makavu na kucha zilizolika upande. Mwenye miguu laini na kucha zilizochongoka amekulia bandani, hata muuzaji akiapa. Na Mluhya akinialika kula kuku wa banda nitaandika habari zake kwenye safu hii.

Chapati zisikose. Zile zenu laini zenye matabaka zitakupatia sifa Sakina yote, maana za kwetu nyingi ni za kupigia mtu, nalisema bila aibu.

Usiwachangishe wageni. Najua kwenu marafiki hugawana, huyu analeta soda, yule mchele. Hapa habari ya mchango imeharibiwa na harusi; mtu akiisikia tu anakumbuka ana safari. Waambie "karibuni chakula," basi, na utashangaa watakavyokuja na mfuko wa matunda au kreti. Ukisema saa nane watafika saa kumi, kwa hiyo wali uweke jikoni saa tisa. Kama kutakuwa na muziki mpaka usiku, mpitie balozi wa mtaa umwambie mapema, tena mwalike na yeye.

Kabla ya kula imbeni wimbo wenu wa taifa. Sitanii. Upo kwa Kiswahili, kwa hiyo hata mgeni wako atauelewa wote, na sauti yake ilitokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo wa Mto Tana. Hauhitaji bendi wala gwaride. Wakimaliza Wakenya, Watanzania nao waimbe wa kwao. Nilikuwapo kwenye karamu ya mama mmoja Mrundi kule Njiro, tarehe 1 Julai, ambayo ni siku ya uhuru wa Burundi na Rwanda pia. Watu wa mataifa manne walikuwa wamezunguka sufuria la maharage na ndizi, wakaimba zote nne. Mtoto wa jirani akamuuliza mama yake kama kesho kutakuwa na nchi nyingine.

Arusha ndiyo mji wa kufanya mambo hayo. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa huko tarehe 30 Novemba 1999 na makao makuu yako huko huko mjini. Waganda, Wanyarwanda, Wasudani Kusini, wote wana tarehe zao na wote wamelala saa mbili siku hiyo kama ulivyolala wewe.

Shangazi, mimi ni wa Moshi, mume wangu ni Mkenya wa Voi. Tunataka tarehe 26 Desemba tuvuke Holili na gari letu twende kwao, turudi mwisho wa wiki. Vitambulisho vya taifa vinatosha?
Mama Kijacho, Rau

Havitoshi. Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana raia wao wavuke kwa kitambulisho, sisi Tanzania hatumo. Mume atumie pasipoti yake, wewe yako, na kama huna nenda Uhamiaji ukaombe hati ya dharura ya safari. Nenda sasa, usingoje wiki ya Krismasi. Holili na Taveta ni kituo cha pamoja, kwa hiyo mnahudumiwa mara moja upande mnaoingia. Gari liwe na kadi yake halisi, bima ya kadi ya njano ya COMESA na kibali cha forodha. Ukiwa na tumbo hilo usikubali kusimama foleni: mwambie askari, atakupitisha.

Shikamoo Shangazi. Ni msichana wa Machame, nasoma Leipzig, huu ni mwaka wangu wa kwanza. Tiketi ya Desemba imenishinda. Nilipomwambia mama kwamba Krismasi hii siji nyumbani alinyamaza kwenye simu, na tangu siku hiyo ananijibu "sawa" tu. Bwenini wenzangu wote wanakwenda kwao. Atabaki mwanafunzi mmoja wa Vietnam ambaye hata Krismasi hasherehekei. Nifanye nini siku ile nisilie? Na mama nimfanyeje?
Binti wa Machame

Marahaba mwanangu, na pole. Tuanze na mama, huyo ndiye mzito.

Mama wa Kichaga hanuni kwa sababu hutakula naye. Ananuna kwa sababu Desemba nzima watu watampitia getini wakimuuliza, "Na yule wa Ulaya?" Watoto wa wenzake walioko Dar wanakesha barabarani, Segera, Mombo, Same, gari kwa gari, ili tu waonekane kanisani tarehe 25. Kwa hiyo mpe mama jibu la kuwapa hao watu. Mpigie kaka yako au dada aliye nyumbani. Akate jani la isale, lile letu la kuombea msamaha, pale kihambani, alifunge fundo, amkabidhi mama kwa mikono miwili na kusema limetoka kwako. Sina haja ya kukueleza. Mtu aliyeletewa isale haendelei kununa. Akilikataa, lawama inahamia kwake. Na ukipita kwenye maduka ya maua hapo Leipzig, tazama vizuri vyungu vya ndani: utaliona isale limesimama na bei yake. Wajerumani wanaliweka sebuleni kwa uzuri tu, hawajui wamefuga msamaha. Nunua kamoja, liweke dirishani, umpigie mama picha.

Halafu tuma hela ya mbuzi, na uitume mwanzoni mwa Desemba kabla bei haijachachamaa. Hata kama ni mguu mmoja wa mbuzi, si lazima mzima. Siku hiyo mama atasimama mbele ya watu aseme, "Huyu ameletwa na binti yangu," na neno "sawa" litakuwa limekwisha.

Sasa siku yenyewe. Wajerumani husherehekea usiku wa tarehe 24, tena na ndugu zao tu, kwa hiyo usishangae mji ukitulia ghafla. Maduka yanafungwa mchana wa siku hiyo na hayafunguliwi tarehe 25 wala 26. Hakuna genge la kukimbilia kitunguu. Kila kitu kiwe ndani ifikapo tarehe 23. Nilimjua Mtanzania aliyekula Krismasi yake mkate wa kituo cha treni, kwa kuwa ndipo pekee palipokuwa wazi.

Pika mtori. Nenda mtaa wa Eisenbahnstraße, una maduka ya Waarabu, ya Waturuki, ya Waafrika, na bucha ambazo zitakukatia nyama ya ng'ombe yenye mifupa bila kukushangaa. Kwenye ndizi uwe macho. Ile wanayoiita Kochbanane ni mzuzu mtupu. Ni nzuri ya kukaanga, lakini mtori wake unakuwa mgumu na mtamutamu, mama akiuonja angenuna upya. Tafuta matoke kwenye maduka ya Waafrika. Yakikosekana, chukua ndizi za kawaida zikiwa kijani kabisa, hata kwenye kikonyo pasiwe na unjano, na uzipike siku hiyo hiyo, maana bwenini kuna joto na kesho yake zimegeuka. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya. Utomvu wa ndizi na maji ya baridi ya Desemba ni adhabu. Nyama ichemke kwanza mpaka iachie mfupa, uitoe. Ndizi ziive kwenye supu ile ile, na hapo ndipo watu wanaharibu: wanazisaga kwa mashine. Mashine inauvuta mtori unakuwa gundi. Tumia mwiko, ponda ukigeuza, acha vipande vidogo vidogo vinavyoonekana, kisha rudisha nyama na uweke maziwa mwishoni moto ukiwa mdogo. Uji wa ulezi utapata pia, unga wake unauzwa kwenye maduka ya Wahindi, wao wanauita ragi.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, achana nayo. Kimea unaweza kukihangaikia, magome ya msesewe utayatoa wapi? Na harufu yake ikianza kupanda kwenye korido ya bweni wataita zimamoto.

Huyo Mvietnam hasherehekei, lakini anakula. Na ndizi mbichi anazijua, kwao zinapikwa. Mwalike, mpe kazi ya kumenya. Tena bandika karatasi jikoni na kwenye mlango wa kuingilia: tarehe 25 mchana, chakula cha Kilimanjaro, karibuni. Utashangaa ni wangapi wamebaki vyumbani kimya kimya: Mhindi, Msiria, Mkameruni, na Mjerumani mmoja aliyegombana na baba yake. Huyo wa mwisho hakosi kila mwaka, na ndiye anayeosha vyombo vizuri kuliko wote.

Kuna mlango mwingine unaoweza kuugonga. Wamisionari wa Kilutheri walioanza kazi Machame mwaka 1893 walitumwa kutoka hapo hapo Leipzig. Misheni yao bado ipo mjini na bado ina ushirika na KKKT, kanisa letu la Kilutheri. Nenda kabla ya Krismasi, jitambulishe, taja usharika wenu. Bibi zetu waliwafundisha hao watu kula ndizi. Kiti cha ibada hawatakunyima.

Simu: majira ya baridi Leipzig iko nyuma yetu kwa saa mbili. Piga saa nne asubuhi yako, kwetu ni saa sita mchana, watu wametoka kanisani na supu ya kisusio iko jikoni. Usipige jioni. Jioni wajomba wameshakunywa, simu itazungushwa kwa watu kumi na mama hutampata.

Na tarehe 26 usikae ndani, ni sikukuu pia na treni zinatembea. Ipo tiketi ya mwezi ya nchi nzima, Deutschlandticket, ilianza Mei 2023 kwa euro 49 na imekuwa ikipanda tangu hapo. Angalia kwanza, wanafunzi wengi wanaipata kwa nafuu kupitia chuo na huenda unayo tayari hujui. Treni za kasi haikubaliki, zile za mikoani tu, na ndizo zenye madirisha ya kutazama vijiji. Nenda Wittenberg. Mlutheri wa Machame kukaa Leipzig bila kufika kwenye kanisa la Luther na zile hoja zake za mwaka 1517 ni jambo la kusemwa kikaoni. Dresden iwe ya Jumamosi za kabla: soko lake la Krismasi lipo tangu mwaka 1434, ila linafungwa tarehe 24. Pale watakuuzia divai ya moto yenye mdalasini na karafuu, na kikombe unakiwekea dhamana. Ukikirudisha unapewa hela yako. Mimi sikuwahi kurudisha, ninavyo kabatini mpaka leo.

Habari Shangazi. Mimi ni Mganda wa Mbale, nafanya kazi Arusha, nina mke na watoto watatu. Jumamosi zetu zote zinaishia kwenye supamaketi na simu. Nikiuliza habari za matembezi naambiwa hayo ni ya wazungu, ni dola. Ni kweli?
Baba wa Watatu, Njiro

Aliyekwambia hivyo amezaliwa Arusha na hajawahi kufika Momella. Wako wengi, wanapokea watalii kutwa na Jumapili wanalala.

Hifadhi ya Taifa Arusha ukitoka Njiro asubuhi unafika kabla ya mchana, unapindia Usa River. Raia wa Afrika Mashariki halipi kiwango cha watu wa nje, analipa kwa shilingi, na watoto wanalipa pungufu. Beba pasipoti au kitambulisho cha kila mmoja, getini hawasomi uso. Usitegemee noti mfukoni, malipo yanapita kwenye kadi au simu. Watoto watawaona mbega, wale weusi wenye mikia myeupe, kabla hata hamjafika mbali, na twiga watasimama barabarani kana kwamba ninyi ndio mnaopita kwao, ambayo ni kweli. Maji ya maziwa ya Momella ni ya magadi, ndiyo maana heroe wanapapenda. Kingine, hapo unaruhusiwa kutembea kwa miguu ukiwa na askari wa wanyamapori mwenye bunduki, jambo ambalo hifadhi nyingi hazikupi. Hiyo bunduki itazungumzwa shuleni mwezi mzima.

Kama mwezi umekaa vibaya, Ziwa Duluti pale Tengeru linatosha: shimo la volkano lililojaa maji, msitu kuzunguka, njia ya kutembea. Karibu na hapo kuna makaburi ya Wapolandi walioletwa Tengeru mwaka 1942 wakati wa Vita ya Pili, wengi wao wanawake na watoto, mbali na kwao kuliko wewe. Wapitishe watoto pale, wakubwa watauliza maswali.

Chemchemi ya Chemka ni ya siku nzima. Unaacha lami Boma Ng'ombe, unakula vumbi, na masika usijaribu kwa gari dogo. Ghafla katikati ya ukame unaona miti mikubwa imekusanyika, na chini yake maji ya buluu unayoona mpaka mchanga wa chini ukicheza pale chemchemi inapotokea. Jina lisikutishe, ni vuguvugu. Kaa ukingoni uingize miguu, uhesabu mpaka ishirini; samaki wadogo watakuja kukudonoa vidole, na mtoto wako wa mwisho atapiga kelele, kisha atakataa kuondoka. Kina ni kirefu, maboya yanakodishwa, mtoto asiachiwe hata akisema anajua. Fika mapema Jumamosi. Jumapili mchana vijana wa Moshi na Arusha wanakuja na spika na hutasikia hata ndege.

Wewe ni mtu wa Mlima Elgon, kahawa hukuijua leo. Lakini watoto wa mjini je? Wapeleke Materuni, huku Uru, wakoboe, wakaange na kutwanga wenyewe, kisha waende kwenye maporomoko wakagundue maji ya Kilimanjaro yana baridi kiasi gani.

Na tarehe 9 Oktoba, uhuru wenu wa mwaka 1962, umefanya nini? Nadhani hukufanya kitu. Siku tano baadaye sisi tunapumzika kumkumbuka Mwalimu. Mwakani chukua siku hiyo ya mapumziko, bebeni matoke kwenye hotipoti, mchukue na familia ya jirani, mkale Duluti.

Asalaam alaykum Shangazi. Ni kijana wa Majengo, Moshi, niko Maskati naendesha gari la kampuni. Idi huku ikitangulia ya nyumbani kwa siku moja nachanganyikiwa: nikila mimi, mama bado amefunga. Nifuate ipi? Na Ijumaa zangu za mapumziko nazimaliza kulala.
Dereva wa Maskati

Wa alaykum salaam, mwanangu. Mimi ni Mlutheri, suala la mwezi siwezi kulijibu kwa kichwa changu, nikalipeleka kwa shehe mmoja wa hapa mjini. Alijibu kabla sijamaliza kuuliza: fuata watu wa mji ulipo, ufunge nao na ufungue nao. Mama mpigie siku yake ikifika, baada ya swala. Maskati iko mbele yetu saa moja, utakuwa bado kwenye chai.

Kulala Ijumaa kutwa ndiko kunakonikera. Uko mji ambao Kiswahili utakisikia dukani na msikitini. Familia nyingi huko zilikaa Unguja, Pemba na hata bara, zikarudi baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 na tena baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka 1970. Salimia wazee kwa Kiswahili baada ya swala ya Ijumaa. Usiombe kitu, salimia tu na useme unatoka Moshi. Wiki ya tatu utakuwa umeulizwa unakula wapi.

Ijumaa moja amka alfajiri uende Nizwa, ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari. Asubuhi ya Ijumaa kuna mnada wa mifugo. Wenye mbuzi wanazunguka nao kwenye duara, wanunuzi wamekaa na kusimama pembeni, bei inapigwa kwa sauti, na mzee mwenye kanzu nyeupe isiyo na doa anamfungua mbuzi mdomo ahesabu meno. Wewe uliyekulia karibu na mnada wa Weruweru utajua nani anadanganya hata kama husikii Kiarabu.

Idi ikikaribia, wenyeji wanapika shuwa. Nyama inapakwa viungo, inafungwa kwenye majani, inashushwa kwenye shimo lenye makaa na kufukiwa, inakaa huko usiku mzima na zaidi. Ni kazi ya ukoo na mtaa, na mikono haitoshi kamwe. Ukiambiwa njoo usaidie kufukia, nenda, na usivae kanzu mpya.